Je, Ni Kweli Mganga Hajigangi?

  

Safari hii tumeona vema tuzungumze juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika ushirika wetu tangu sikukuu ya Krismasi. Wengine mnalijua na wengine mmelisikia nusunusu. Tumeomba ruhusa ya binti mwenyewe na ya mama yake, nao wamekubali tuliandike, mradi tusitaje jina. Tutamwita binti yetu, kwa maana ni binti wa kanisa lote.

Binti yetu yuko mwaka wa nne wa masomo ya udaktari katika chuo kikuu kimoja cha nchi hii. Mnajua safari ya masomo hayo ni ndefu: miaka mitano ya chuo, kisha mwaka mmoja wa intanshipu hospitalini, ndipo mtu aitwe daktari. Ana mfadhili anayelipa karo na kumpa fedha kidogo za kujikimu. Kanisa nalo limechangia mara tatu: mara ya kwanza koti jeupe na vitabu, mara ya pili nauli, mara ya tatu kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Kwa hiyo alipokuja likizo, macho ya watu wote yalikuwa juu yake.

Na macho hayo yaliona nini? Yalimwona akikimbia barabarani alfajiri kabla wanawake hawajaenda bombani. Yalimwona akiruka kamba nyuma ya nyumba ya mama yake. Yalisikia kwamba mchana analala, tena kwamba akipata mayai mawili anakula yote mawili. Haikupita wiki mbili, mzee mmoja wa kanisa akalileta jambo hilo katika kikao. Alisema kwa upole, lakini alisema: "Mchungaji, sisi tulichangia daktari, hatukuchangia mchezaji. Watu hapa wanalala njaa tangu mgawo ulipopunguzwa mwaka 2020. Mtoto aliyetumwa na watu wenye njaa anawezaje kuutunza mwili wake namna ile?"

Wapendwa, hilo ni swali zito na mzee wetu hakukosea kuliuliza. Tuliweke wazi namna hii: mtu aliyetumwa na watu wanaoteseka, ambaye anajifunza kazi ya kuwahudumia wengine, je, kuutunza mwili wake ni ubinafsi, au ni sehemu ya utumishi wake?

METHALI MBILI

Wazee wa pwani wana methali isemayo "Mganga hajigangi". Msishtuke na neno mganga. Katika Kiswahili cha zamani lilimaanisha tabibu, na hata leo huko Tanzania daktari mkuu wa wilaya huitwa Mganga Mkuu. Maana yake ni kwamba anayewatibu wengine hawezi kujitibu mwenyewe. Watu huitumia kwa kuhurumia, na wengine huitumia kwa kusifu, kana kwamba tabibu mwema ni yule anayejisahau kabisa.

Lakini katika Injili ya Luka, sura ya 4, Bwana Yesu anataja methali nyingine iliyojulikana Nazareti, ambayo inamtaka tabibu ajiponye kwanza yeye mwenyewe. Alisema bila shaka watu wa kule wangemwambia methali hiyo. Hata hivyo inaonyesha kwamba tangu zamani watu wamemtazama tabibu na kuuliza: je, wewe mwenyewe u mzima? Basi tunazo methali mbili zinazovutana, na binti yetu amesimama katikati.

Mzee wetu alikuwa na Maandiko upande wake. Alitukumbusha 1 Timotheo 4:8, mahali ambapo Paulo anasema mazoezi ya mwili yana faida ndogo yakilinganishwa na utauwa. Alitukumbusha pia Epafrodito katika Wafilipi sura ya 2. Kanisa la Filipi lilimtuma mtu huyo amhudumie Paulo, akaugua karibu na kufa kwa sababu ya kazi ya Kristo, na Paulo akaagiza watu wa namna hiyo waheshimiwe. Mzee akauliza, "Paulo alimkemea kwa kutojitunza?" Hapana, hakumkemea.

Sisi tukaongeza mfano wa hapa hapa Uganda. Mwezi Oktoba mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, Dakta Matthew Lukwiya, msimamizi wa hospitali ya Lacor, alikuwa masomoni Kampala. Aliacha masomo akarudi kwa wagonjwa wake. Alikaa nao wakati wauguzi walikuwa wakifa, naye mwenyewe akafa kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba 2000. Nani kati yetu atasimama aseme Dakta Lukwiya alikosea kurudi?

Kwa hiyo hatuandiki makala hii ili kuwaambia vijana kwamba mwili ndio kitu kikubwa kuliko vyote. Sivyo. Mwili unaweza kutolewa. Bwana wetu mwenyewe aliutoa wake. Lakini swali linabaki: je, kila anayechakaa ametoa mwili wake? Au wengine wameupoteza tu?

ALICHOTUELEZA BINTI

Tuliona si haki kumhukumu mtu asiyekuwepo, tukamwita kikaoni pamoja na mama yake. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akatueleza jambo ambalo hata mama yake hakulijua.

Mwaka wa tatu walipoanza kuzungukia wodi, alikuwa akiamka saa kumi ya usiku kusoma, saa moja asubuhi yuko wodini, jioni yuko maktaba, na mara nyingine anakaa zamu mpaka kunakucha. Alikuwa akila mara moja kwa siku, si kwa sababu ya kukosa nafasi tu. Zile fedha za kujikimu alikuwa akizigawa nusu kwa nusu, nusu moja akiituma nyumbani kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mama akanunulia unga, na mdogo wake akalipiwa shule. Alifunga pia kila Jumatano na Ijumaa, akiomba apite mitihani.

Siku moja alikuwa katika chumba cha upasuaji. Kazi ya mwanafunzi pale ni kushika chuma kinachofungua jeraha ili daktari aone ndani. Alikuwa amesimama karibu saa tatu mfululizo. Macho yakaingia giza, akaanguka. Kwa neema ya Mungu aliangukia nyuma, siyo juu ya mgonjwa, na muuguzi alikidaka chuma. Walipompima walikuta damu imepungua sana. Daktari bingwa hakumpa pole. Alimwambia, "Leo umejiangusha wewe. Ungemwangukia yule mama ungejibu nini?"

Aliposema hayo mama yake alijifunika uso kwa kitenge. Kisha akasema maneno ambayo hatuwezi kuyasahau: "Kumbe ule unga tulikuwa tunakula mwili wa mtoto."

Kikao kikanyamaza. Na sisi tunaoandika tulinyamaza kuliko wote, kwa maana tulikumbuka kwamba mwaka uliotangulia tulimsifu binti huyo kwenye mimbari. Tuliwaambia vijana, "Mwigeni dada yenu, halali, hali, anasoma tu." Tulimsifu kwa kitu kilichokuwa kinamwangusha.

TATIZO LETU SISI WACHUNGAJI

Tuseme ukweli. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifanya hivyo hivyo. Tulisoma usiku kucha kwa koroboi, moshi ukiingia puani mpaka asubuhi kamasi ni nyeusi. Tulishindana kufunga. Aliyefunga siku tatu alimcheka aliyefunga moja. Anayecheza mpira jioni tulimwona wa mwilini. Matokeo yake wengi tuliomaliza pamoja tuna vidonda vya tumbo, na mmoja wetu hawezi kuhubiri dakika ishirini bila kukaa. Hatukumtolea Mungu mwili. Tuliuharibu kabla hajaupokea. Na katika kukosa usingizi tulikuwa wakali, tukakemea washirika kwa hasira tuliyoiita moto wa Roho.

Mchungaji aliyechoka anaweza kuharibu hubiri. Daktari aliyechoka anaharibu nini?

Mwaka 1984, katika hospitali moja ya New York huko Marekani, alikufa msichana wa miaka 18 saa chache tu baada ya kulazwa. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari walio mafunzoni, wenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Wataalamu walibishana juu ya sababu hasa ya kifo, lakini kesi hiyo iliwafungua watu macho. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka kanuni kwamba daktari mwanafunzi asipite saa 80 za kazi kwa wiki wala saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikawekwa kwa nchi nzima ya Marekani. Fikirini, wapendwa: saa 80 ndizo zilihesabiwa kuwa nafuu!

Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya kulinganisha madaktari wa mwaka wa kwanza katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Walipofanya kazi kwa zamu ndefu za kawaida, zinazofika saa 24 au zaidi, walifanya makosa makubwa zaidi kwa asilimia 36 hivi kuliko walipofanya kazi kwa zamu zilizofupishwa. Ni watu wale wale, wenye elimu ile ile. Kilichobadilika ni uchovu.

Nao watafiti wa Australia mwaka 1997 walionyesha kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake hufanya kazi sawa na mtu mwenye pombe ya kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi dereva haruhusiwi kuzidi kiwango hicho. Tunawaomba mlipime jambo hili mbele za Mungu. Mshirika akionekana ametoka kilabuni anayumba, tunamtenga na Meza ya Bwana. Lakini anayeyumba kwa kukosa usingizi tunampigia makofi. Mgonjwa aliye kitandani hapati nafuu kwa kujua kwamba mkono unaotetemeka umetetemeka kwa bidii.

KUTOA NA KUPOTEZA

Hapa ndipo tunaona tofauti. Kuna kutoa mwili, na kuna kupoteza mwili. Kwa nje vyote viwili vinafanana, maana mtu amekonda na macho yameingia ndani. Lakini tukiuliza maswali mawili tutavitambua.

Swali la kwanza: nani amepokea? Epafrodito alipougua, kuna aliyehudumiwa, naye ni Paulo aliyekuwa kifungoni. Dakta Lukwiya alipokufa, kuna wagonjwa waliokuwa wamehudumiwa. Lakini binti yetu alipoanguka kwa njaa, mgonjwa hakupokea kitu. Alikaribia kuumizwa.

Swali la pili: je, kulikuwa na njia nyingine iliyo wazi? Dakta Lukwiya ni somo kubwa katika jambo hili. Msidhani alikuwa mtu wa kudharau mwili. Yeye ndiye aliyesimamia kutengwa kwa wodi ya Ebola na kuwataka wauguzi wavae kinga: kanzu, barakoa, glavu, miwani. Aliilinda miili ya wenzake. Wanaosimulia kifo chake husema kwamba alfajiri moja alikimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitoka damu, akaenda bila kinga ya macho. Mtu yule yule aliyekuwa tayari kufa ndiye aliyekuwa makini kuliko wote kwamba watu wasife bure. Basi kujitoa na kujitunza si maadui. Anayejua kwamba siku moja anaweza kuombwa mwili wake wote, huutunza ili uwepo siku hiyo itakapofika.

Tumtazame pia Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Alikuwa amechoka mpaka akaomba kufa. Malaika alipokuja hakuanza kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Baada ya hapo tu ndipo safari ya siku arobaini kwenda Horebu, na sauti ya Mungu ikaja mwisho kabisa. Mungu mwenyewe alianza na chakula na usingizi. Sisi ni nani tuanze na lawama?

Na lile neno la Paulo kwa Timotheo tulisome vizuri. Faida ndogo si sawa na hakuna faida. Tena katika barua hiyo hiyo, sura ya 5, Paulo anahangaika na tumbo la Timotheo na udhaifu wake wa mara kwa mara. Na katika Matendo sura ya 20 tunasoma kwamba wenzake walipanda merikebu kwenda Aso, lakini yeye aliamua kwenda kwa miguu. Aliyeandika kwamba mazoezi yana faida ndogo alikuwa mtu wa kutembea.

Sisi wakulima tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Jembe likiwa butu, tunalipeleka kwa mfua vyuma au tunalinoa kwa jiwe. Jirani akipita akakuona umekaa unanoa, hasemi, "Mvivu huyu, wenzake wanalima." Anajua unalima kesho yako. Kwa daktari, jembe la kwanza ni mwili: macho ya kuona mshipa wa mtoto mchanga saa tisa ya usiku, mgongo wa kumgeuza mgonjwa aliyepooza, mkono usiotetemeka wenye sindano, kifua chenye nguvu ya kusimama karibu na wenye kifua kikuu kinachokohoa. Mwili uliodhoofika kwa njaa hushindwa na kifua kikuu upesi, na anayetaka kuwatibu wengine anaweza kulala kitanda cha pili yake.

Madaktari wenyewe wameliona hilo, ingawa walichelewa. Tangu mwaka 1948 wana ahadi yao iitwayo Tamko la Geneva, iliyotungwa na Chama cha Madaktari Duniani. Kwa karibu miaka 70 ahadi hiyo ilitaja wajibu wa daktari kwa mgonjwa, kwa walimu wake na kwa wenzake. Mwaka 2017, katika mkutano wao Chicago, waliongeza kwamba daktari ataitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma iliyo bora. Angalieni sababu iliyotolewa. Hawakusema ajitunze ili apendeze. Walisema ajitunze kwa ajili ya mgonjwa.

KWA VIJANA WALIO MASOMONI

Tunao vijana wengine wanaosomea uuguzi, ukunga na maabara. Tumemwomba binti yetu atueleze anachofanya sasa, ili nanyi mfaidike.

Kwanza, mazoezi hayahitaji fedha wala uwanja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya apumue kwa nguvu kiasi, yaani nusu saa kwa siku tano, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli siku mbili. Binti yetu huenda hospitalini kwa miguu na kurudi. Hapandi lifti hata inapofanya kazi. Tusizidharau ngazi: mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, alichapisha habari za watu wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kitako. Basi lilikuwa moja na barabara moja. Kamba yake anaruka dakika kumi tu. Anasema akiruka kamba asubuhi, kitabu kinaingia kichwani upesi zaidi.

Pili, chakula. Haitaji vya tajiri. Maharage, karanga, dagaa, sombe, parachichi, na yai anapolipata. Hubeba karanga za kukaanga katika mfuko wa koti, na maji katika chupa, ili zamu ikizidi asikae tumbo tupu.

Tatu, usingizi. Akitoka zamu ya usiku analala, hata jua likiwaka, naye hufunga kitambaa machoni. Yule mliyemwona analala mchana wakati wa Krismasi alikuwa ametoka katika wiki sita za wodi ya wazazi. Hakuwa mvivu, wapendwa. Alikuwa analipa deni.

Nne, kufunga. Hapa tulitumia mamlaka yetu ya uchungaji. Tumemwambia asifunge chakula siku ya zamu. Aombe akiwa ameshiba. Mungu asiyetaka sadaka iliyoibwa hataki pia sadaka iliyochukuliwa kwa mgonjwa. Kama anatamani kufunga, yako mengine ya kujinyima, na siku za likizo zipo.

Tena tunawaonya wa upande wa pili. Yuko kijana anayeweza kusoma makala hii akafurahi kwa sababu mbaya, akaikimbia zamu yake akisema anatunza hekalu la Mungu. Mwili unaotunzwa kwa ajili yake wenyewe umekuwa sanamu. Mgonjwa akikuita usiku na zamu ni yako, inuka. Jembe linalonolewa kila siku bila kuingia shambani nalo ni hasara.

KWA SISI TULIOTUMA

Sasa neno gumu ni letu. Ni rahisi kumwambia binti ale. Lakini fedha anazokula ni fedha ambazo hazitakuja nyumbani. Hatutaki kulificha jambo hili chini ya maneno matamu. Mama yake amekosa ile nusu. Mdogo wake alikaa nyumbani majuma matatu kwa ajili ya karo. Haki ya mwili wa mmoja imelipwa na tumbo la mwingine, na katika makazi ya wakimbizi karibu kila kitu kiko hivyo. Ndiyo sababu mzee wetu aliuliza, na ndiyo sababu hatuwezi kumjibu kwa andiko moja tukaenda zetu.

Katika Kutoka sura ya 18, Yethro alimwona Musa akiketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Alimwambia kwamba atachoka yeye pamoja na watu wale. Lakini Yethro hakumwambia Musa apumzike tu. Alimwonyesha namna ya kugawa mzigo, wengine wabebe. Kumwambia mtu apumzike bila kumpunguzia mzigo ni kumwongezea lawama.

Kwa hiyo kikao kiliamua mambo machache, nasi tunayatangaza hapa ili kila mmoja ajue. Karo ya yule mdogo itachangwa na ushirika kwa mihula miwili, kutoka katika lile shamba la maharage la akina mama. Akina mama hao hao watatoa debe la karanga kila mwanafunzi anaporudi chuoni. Tumekubaliana pia kwamba hakuna mtu atakayewapigia simu wanafunzi wetu kuwaomba fedha. Mwenye shida aje kwetu, tuibebe pamoja kadiri tutakavyoweza. Na sisi wahubiri tumeahidi kutomsifu tena mtu kwa sababu tu hali wala halali.

Mzee aliyeuliza swali ndiye aliyesimama wa kwanza kutoa. Alitoa kuku mmoja wa mayai, akasema, "Huyu si wa kuuza. Akija likizo ale."

Binti yetu alirudi chuoni mwezi Januari. Siku ya kuondoka alikimbia asubuhi kama kawaida yake. Watoto watano wa jirani walimfuata wakicheka, na mama yake alisimama mlangoni akiwatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Hakumwita arudi.

Basi, wapendwa, tukirudi kwenye methali yetu, tunaona ina ukweli kiasi. Mganga hajigangi, kwa maana peke yake hawezi. Anahitaji mtu wa kumwambia lala, na mtu wa kumwekea karanga mfukoni. Kazi hiyo ni yetu sisi tuliomtuma.

Tuwaombee vijana wetu wote walio katika wodi na maabara. Tuombe wapite mitihani, na tuombe pia wapate chakula na usingizi. Mungu awabariki.

Ni sisi mchungaji wenu katika Bwana.